Mnauliza kilomita, mimi nauliza alfajiri

Mhariri, salaam. Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, kwenye mashindano ya baiskeli ya ridhaa, wanawake washindane umbali sawa na wanaume?" Swali hilo nimelisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaiweka pembeni kazi ya mtu, nikachukua kalamu. Jibu langu ni ndiyo. Uwe sawa, na wasipunguziwe hata kilomita moja. Ila nipeni nafasi nieleze, kwa sababu umbali wa siku ya mashindano ni jambo la mwisho kabisa, na yanayolitangulia hamkuyauliza.

Mimi ni wa Ngamiani, hapa Tanga, nimezaliwa na kukulia humu humu kwenye barabara zetu za namba. Kwetu mwanamke kupanda baiskeli si habari. Mgeni akishuka stendi ya Kange na kuingia mjini, akimwona mama wa baibui anakata kona na mtoto kwenye keria na kikapu cha mihogo kwenye usukani, hugeuka mara mbili. Sisi hatugeuki. Marehemu mama yangu alikuwa akienda sokoni Mgandini kwa baiskeli, nami nyuma nimemshika kiuno. Mji tambarare, mitaa imenyooka, nauli unaifanya kitoweo. Kwa hiyo mtu wa Tanga akiuliza kama mwanamke ana miguu ya kuzungusha pedeli, nitamuuliza yeye ametokea wapi.

Na huko duniani hoja hii imekuwa ikisogea taratibu sana. Olimpiki ya Los Angeles, 1984, ndiyo ya kwanza wanawake kuruhusiwa mbio za barabarani, wakapewa kilomita 79 na wanaume 190. Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, wanawake walipewa 164 na wanaume 267. Lakini Paris, 2024, kwenye zile mbio za kushindana na saa ambazo kila mmoja huondoka peke yake, wote walipewa kilomita 32.4. Njia ile ile, siku ile ile, na mvua ile ile. Na Julai 2025 Kimberley Le Court wa Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, ya Tour de France ya wanawake. Mwanangu alinionyesha kwenye simu, nikamwambia arudishe tena nione vizuri.

Sasa nije kwa wifi yangu, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Mwaka 2016, Idd ndogo ilipopita, yalitangazwa mashindano ya baiskeli hapa mjini. Waandaaji siwataji. Gari lilipita na kipaza sauti: wanaume kilomita 60, wanawake kilomita 40, Jumapili fulani baada ya Idd kubwa. Wifi, mke wa kaka yangu, alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukasimama mkononi. Akaniambia, "Wifi, arobaini naziweza."

Baiskeli pale nyumbani ilikuwa moja, Phoenix nyeusi ya kaka, yenye bomba la juu, na ndiyo aliyoendea kazini. Kaka hakukataa. Alitoa sharti moja tu: saa 1 kamili asubuhi iwe mlangoni. Nataka msomaji alishike sharti hilo, maana ndilo lililopanga mazoezi yote. Hatuwezi kutoka kabla ya kuswali alfajiri, na saa 1 baiskeli inadaiwa. Kilichobaki katikati ni saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, na hapo mama amekubali kuamka kushika watoto wawili, mdogo bado ananyonya.

Nilimsindikiza kwa baiskeli yangu ya kike, tochi nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Tulichagua njia ya Pangani kwa kuogopa malori ya saruji ya barabara kuu. Miaka ile njia ya Pangani ilikuwa vumbi tupu, na kwenda kulikuwa kukutana na upepo wa kusi uso kwa uso. Shabaha yetu ilikuwa Tongoni, kwenye magofu, kama kilomita 17 hivi kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni 34, karibu na zile arobaini. Kwa wiki zote zile hatukufika Tongoni hata siku moja. Kila mara tulipofika kwenye mwembe mmoja ulioinamia njia, wifi alitazama mbingu, akiona weupe umeshatanda baharini tunageuza. Nguvu alikuwa nazo. Aliyemgeuza ni saa 1.

Hata hivyo tulijifunza mengi. Fundi wetu wa Makorora alimpandishia siti. Alimwambia akae, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na goti linyooke. Wanawake wengi, alisema, wanataka siti ya chini ili miguu iguse ardhi, halafu wanalalamika magoti. Alinyoosha rimu ya nyuma iliyokuwa inapiga breki, akabadilisha gololi, akaosha cheni kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Njiani tukagundua wenyewe kwamba ukijibana nyuma ya mwenzako, tairi lako karibu na lake, upepo unampiga yeye na wewe unapumzika huku unakwenda. Tukawa tunapokezana, mimi mpaka mnazi ule, yeye mpaka nguzo ile. Maji yake alitia chumvi kidogo, sukari na ndimu. Kabla ya kutoka, tende tatu na uji.

Lililomtesa ni nguo. Wiki ya kwanza alivaa suruali ya kawaida chini ya dera fupi. Jumamosi akaja kwangu, nikamwambia kaa, akasema bora asimame. Mshono wa katikati, pale vipande vinne vinapokutana, ndio hasa mahali mtu anapokalia siti, na ulikuwa umemchubua mpaka damu. Nilikaa na suruali ile usiku. Nikafumua mapajani kote, nikaondoa ile njia panda ya mishono, nikaingiza kipande kimoja kizima chenye pembe nne kutoka mbele kwenda nyuma, kitambaa laini mara mbili, na mishono nikaisogeza pembeni isikutane na siti. Chini nikatia lastiki kifundoni ili upindo usiliwe na cheni. Dera nikalikatia juu ya goti, nikalipasua ubavuni. Hijabu nikamshonea ya kuvaa kichwani kama kofia, isiyohitaji pini. Alipoijaribu alizunguka uani mara sita bila kusema neno, kisha akaja akanishika mkono. Nimeshona nguo za harusi nyingi, lakini ukiniuliza kazi ya maisha yangu ni ipi nitakutajia suruali ile.

Siku yenyewe ikafika. Tuliambiwa kuripoti saa 12 na nusu, mbio zianze saa 1. Wifi alikuwa pale na namba yake mgongoni, amekula, amekunywa, amenyoosha miguu. Saa 1 ikapita. Saa 2 ikapita. Mgeni rasmi hajafika. Alipofika ilikuwa saa 3 na nusu, zikafuata hotuba, wakaachiwa wanaume kwanza. Wanawake walipangwa mstarini saa 4 na nusu, jua liko utosini na kusi limeshapanda. Zile tende tatu zilikuwa zimekwisha tumboni zamani. Ndipo kipaza sauti kikasema: kwa ajili ya jua, na kwa kuwajali mama zetu, mbio za wanawake zitakuwa kilomita 15. Tungegeuza kabla hata ya kufika Pongwe.

Nilimtazama wifi. Alikuwa anatazama usukani. Wiki zote za alfajiri, mama kuamka, mtoto kulia ziwa, maneno ya majirani kuhusu wanawake wanaotoka gizani na tochi, yote yamekatwa kwa sentensi moja na mtu aliyechelewa mwenyewe.

Hapa sasa lazima niseme kitu ambacho nilipoanza kuandika sikukusudia kukisema. Ile sentensi ilipotoka, wanawake wengine pale mstarini walipiga vigelegele. Walikuwa zaidi ya ishirini, na wengi walikuja na baiskeli za kike za kuazima, madera mpaka kwenye ndara, siti za chini. Hawakuwa na mtu wa kuwaamkia watoto wala fundi wa kuwafumulia mishono. Arobaini kwao ilikuwa tishio, na kumi na tano ilikuwa sherehe. Siku ile niliwaona kama wasaliti. Leo hii, nikiandika, nawaona upya, na siwezi tena kuwaita hivyo.

Na aliyeshinda hakuwa na mazoezi yoyote ya kuyaita mazoezi. Alikuwa mama muuza samaki, anayebeba ndoo yake kila asubuhi kutoka Deep Sea, wanakoshushia samaki, mpaka vichochoroni kwetu. Miguu ile imejengwa na ndoo. Kwa kilomita 15 hakuna aliyemgusa. Wifi alikuwa wa nne, na zawadi zilikuwa kwa watatu. Mama wa samaki alipewa doti ya kanga na ndoo. Mshindi wa wanaume alipewa baiskeli mpya. Hilo la zawadi silijadili, kila mwenye macho aliliona.

Baada ya kugawa zawadi tulimkuta wifi chini ya mti, namba bado mgongoni. Kaka alikuwepo, maana ilikuwa Jumapili. Wifi akamwambia, "Baba watoto, naiomba baiskeli mpaka alasiri." Kaka hakuuliza ya nini. Alikwenda kuazima pampu kwa mtu, akainama, akaujaza upepo mguu wa nyuma, akaubonyeza kwa kidole gumba, kisha wa mbele. Wifi akapanda, akashika njia ya Pangani peke yake, jua la saa 7. Mimi nilibaki na watoto. Alirudi alasiri imeingia, nyusi nyekundu kwa vumbi, chumvi ya jasho imemchora mashavuni. Akalaza baiskeli ukutani, akanyonyesha kwanza, ndipo akaniambia: "Wifi, kutoka kwenye ule mwembe mpaka Tongoni si mbali."

Basi, mhariri. Nilianza kwa kusema umbali uwe sawa bila mjadala. Naona siwezi kumaliza hivyo, kwa ajili ya wale ishirini wa vigelegele. Kwa mashindano yetu ya ridhaa, hapa mjini, kwa sasa, mbio za wanawake ziwe fupi. Kilomita 20 zinatosha. Ukiweka sitini leo, watakaojitokeza ni wanne wenye waume wa kuazima baiskeli na wakwe wa kushika watoto, na mwakani watakuwa wawili, kisha mtasema wanawake wa Tanga hawajitokezi.

Lakini nasema hivyo kwa masharti, na masharti yasipotimizwa basi jibu langu la mwanzo linarudi pale pale. Umbali ukishatangazwa usiguswe, si kwa jua wala kwa huruma, kwa sababu kuna mtu ameujenga mwili wake kwa namba hiyo. Zile mbio ndefu za wanaume ziwe wazi kwa mwanamke anayezitaka, aanze nao mstari mmoja, ahesabiwe na wanawake wenzake hata kama ni watatu tu. Tangazo litoke miezi miwili kabla, kwa sababu mwanamke hana budi kuipata kwanza alfajiri yake, aombe baiskeli, aombe mtu wa kukaa na watoto, na hayo hayapatikani kwa wiki mbili. Zawadi ya kwanza iwe moja kwa wote, na kama ni baiskeli, mwanamke ndiye anayeihitaji zaidi, maana mwakani hatakuwa na sharti la saa 1 asubuhi. Mavazi aamue mwenyewe mvaaji. Atakayetaka suruali ya aina ile aje na kitambaa chake, mshono wa chini simtozi.

Na wanawake waachiwe wa kwanza, saa 12 na nusu, barabara ikiwa bado na ubaridi. Mgeni rasmi akiwa hajafika, firimbi ipulizwe, atawakuta wanarudi.

Msomaji wenu,
Fundi nguo, Ngamiani, Tanga