Wiki ya tisa, na mawakala kimya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Swali lako nimelipata: riwaya umeipeleka kwa mawakala wanane wa waandishi, wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji, watano wa London na watatu wa New York, tangu mwisho wa Julai. Wawili wamekataa, sita kimya. Unauliza uwakumbushe au uendelee kungoja.

Inategemea kila mmoja ameandika nini kwenye tovuti yake, pale penye maelekezo ya kutuma miswada. Wapo wanaosema wazi kwamba asiyejibiwa kwa wiki nane au kumi na mbili ajue amekataliwa. Huyo usimwandikie, siku zikitimia, mfute daftarini. Anayeahidi kumjibu kila mtu, mpe wiki mbili juu ya muda wake, kisha mkumbushe mara moja tu, kwa kujibu barua pepe yako ile ile ya kwanza ili asihangaike kuitafuta. Mistari mitatu yatosha: jina la riwaya, tarehe uliyotuma, na kuuliza kama bado anaifikiria. Sura ulizosahihisha juzi usizitume.

Ujue pia kwamba wakala halipwi kwa kusoma maombi. Riziki yake ni kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya waandishi alio nao, na 20 kwa mauzo ya nje. Kazi za hao hutangulia. Za wageni husomwa usiku au Jumamosi. Nawe uliingia na Agosti, mwezi wa likizo, na sasa wanajiandaa kwa maonyesho ya vitabu ya Frankfurt ya Oktoba.

Hofu yangu iko kwa wale watatu wa New York. London wengi hutaka sura tatu za mwanzo na muhtasari wa ukurasa mmoja, vyote kama viambatisho. Marekani wengi hutaka barua fupi, maneno kama 300, na kurasa tano au kumi zilizobandikwa ndani ya barua pepe yenyewe, kwani viambatisho vya mtu wasiyemjua hawavifungui. Kama uliwapelekea furushi lile lile la London, huenda hakuna aliyesoma hata sentensi moja, na hapo kutuma upya kwa utaratibu wao si usumbufu.

Kundi la pili la mawakala usiliandikie bado, ngoja uone majibu ya hili la kwanza. Wote wakikataa bila kuomba mswada mzima, kasoro iko kwenye barua au kurasa za mwanzo. Wakiuomba kisha wakakataa, tazama katikati ya riwaya, hasa pale kisa kinapolegea. Na wa kundi lijalo usichague wawili wa kampuni moja kwa wakati mmoja.

Mswada mzima ukiombwa, ngoja miezi mitatu kabla ya kuuliza. Mmoja akikubali kukuwakilisha, waarifu wengine wote siku hiyo hiyo na uwape wiki mbili za kuamua. Utashangaa jinsi watakavyojibu haraka. Anayedai ada ya kusoma, achana naye kabisa, mwanangu. Chama cha mawakala cha Marekani, AALA, kinawakataza wanachama wake kuitoza.

Nitumie leo ile barua uliyowapelekea wa New York, pamoja na kurasa tano za mwanzo.

Mama yako