Pimeni Mlango Kwanza: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kusimika Kazi za Sanaa Kisumu

Ijumaa iliyopita, saa nne usiku, nilikuwa nje ya ukumbi mmoja hapa mjini nikiwatazama vijana wanne wakiikata kwa grainda fremu ya chuma waliyoihangaikia wiki mbili. Fremu ilikuwa na upana wa mita mbili na nusu. Mlango wa ukumbi una mita moja na nusu. Fundi aliyewachomelea kule Kibuye alikuwa amezima simu, na maonyesho yanafunguliwa kesho yake saa nane mchana. Walikuwa wameazima hata ngazi ya kanisa la jirani, wakidhani labda itapita dirishani. Nilivua koti, nikashika upande mmoja, tukakata. Tulipomaliza, saa saba usiku, mmoja akaniuliza, "Kumbe hata wewe yalishakupata?"

Yalinipata, na mengine makubwa kuliko hayo. Nawapenda sana, ila mgongo wangu umechoka kubeba chuma usiku wa manane. Basi someni.

1. Pimeni mlango. Kisha pimeni kona ya ngazi, urefu wa pikapu, na ile ndoano ya darini mliyoambiwa inabeba mzigo. Futi ya chuma iko kila hadiwea. Na kabla hamjachomelea chochote, jiulizeni kazi itasafiri vipi. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka kule Nigeria, hutengeneza kazi za kufunika ukuta mzima kwa vifuniko vya chupa vilivyoshonwa na waya wa shaba, na kazi hizo hukunjwa kama shuka zikatiwa kwenye sanduku. Zikifika, wanaozitundika wana ruhusa ya kuzipa umbo jipya. Watu husifu mng'ao wake. Mimi nasifu kwamba inakunjika.

2. Gugumaji halisukwi bichi. Najua kila anayeanza hapa Kisumu anataka kulitumia, na sababu mnayo, maana limelikaba ziwa letu tangu miaka ya tisini. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kuna binti mwenye kipaji kikubwa aliyesuka ukuta mzima kwa mabua mabichi. Siku ya kwanza ulikuwa kijani kibichi, watu wakapiga picha. Wiki ya pili mabua yalikuwa yamesinyaa, ungeweza kupitisha mkono hadi begani, na harufu imewafukuza walinzi mlangoni. Kina mama wanaosuka vikapu vya gugumaji hulianika kwanza mpaka likauke kabisa. Nendeni mkae nao siku mbili, mnunue kikapu, muulize.

3. Kabla hujakiita kitu malighafi, mtafute mwenye kitu, na hakikisha mmeelewana.

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilipata nafasi ya kuonyesha peke yangu, ukumbi mzima, wiki tatu. Nilitaka kusema habari za ziwa na wavuvi wanaorudi pwani na nyavu tupu. Nikazunguka ufuoni Dunga siku kadhaa, mpaka nikaiona mashua ya mbao imelazwa kifudifudi chini ya mti, rangi imebanduka, ubao mmoja umepasuka, kuku wanataga chini yake. Nikauliza ya nani, nikaonyeshwa mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Nikamwamkia, nikaketi, nikamweleza kwamba nimeipenda mashua yake na ningetaka kuiweka ukumbini watu waione. Akaitazama mashua, akanitazama mimi. Akasema, "Peleka tu. Hapa mvua inaiozesha."

Mimi nilisikia: nimekupa. Nikashukuru, nikamwachia shilingi elfu mbili za chai, na kesho yake nikarudi na mkokoteni na vijana sita.

Nilipoifikisha karakanani nikaikata. Niling'oa mbao, nikayatenganisha mataruma, zile mbavu za mashua, na mkuku, uti wake wa chini, kila taruma nikalitoboa matundu mawili, nikayatundika darini kwa waya, yakashuka moja baada ya jingine kama miba ya mbuta aliyeliwa nyama yote. Ilikuwa kazi nzuri. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kufanya iliyo bora zaidi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Siku ya ufunguzi mzee alikuja, maana nilimwalika mwenyewe. Alivaa suti ya kahawia na kofia, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka kama minane. Alisimama mlangoni akiangalia sakafuni, akachungulia nyuma ya ubao wa maelezo, kisha akatoka nje akauzunguka ukumbi mzima. Aliporudi nikampokea kwa furaha, nikamleta hadi katikati, nikamwambia, "Mzee, hii hapa." Akainua uso. Akalishika taruma moja, akapapasa mahali msumeno ulipopita. Akaniuliza taratibu, "Na ile kalafati ya kuziba nyufa niliyotia nyuma mwaka jana, uliitoa?"

Ndipo nilipoelewa. Mashua ilikuwa ya marehemu kaka yake. Alikuwa akidunduliza pesa za mbao tatu na misumari, aitengeneze, aje amwachie huyo mjukuu. Miaka miwili alikuwa hana pa kuiweka isinyeshewe, na hapo akatokea kijana aliyesema ana ukumbi wenye paa. Alichonipa ni mashua ya kumhifadhia.

Hakunipigia kelele. Mtoto alikuwa akihesabu mataruma kwa sauti, akafika kumi na moja, akauliza la kumi na mbili liko wapi. Lilipasuka nilipokuwa nalitoboa, nikalitupa. Nilishindwa kumwambia.

Fundi wa mashua alinitajia bei ya mashua mpya, nikalipa kwa miezi kumi na minne, nikiandika mabango ya maduka na kufundisha watoto kuchora. Kila nilipopeleka fungu mzee alinikaribisha chai, na mashua ilipotiwa majini alinipigia simu niende nione. Lakini hakukanyaga tena maonyesho yangu, nami sikuwa na uso wa kumwalika. Alipofariki nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma jinsi msanii Ibrahim Mahama wa Tamale, Ghana, anavyopata magunia ya kazi zake: huwapelekea wachuuzi magunia mapya, nao wakampa yaliyochakaa kwa kubebea mizigo. Mwaka 2015 magunia hayo yalifunika kuta ndefu kwenye maonyesho makubwa ya Venice. Pale kila mtu anajua ametoa nini na amepokea nini. Nilikifunga kile kitabu nikatoka nje kutembea.

Kwa hiyo semeni maneno yote: nitaikata, nitaitoboa, haitarudi ilivyokuwa. Semeni mara mbili, mbele ya mtu wa tatu anayejua Kiluo kuliko ninyi, tena mwenye kitu akiwa na nafasi ya kukataa. Akisita, mshukuruni muondoke.

4. Kisumu hunyesha alasiri. Kazi ya nje isiyostahimili upepo wa ziwa saa kumi jioni, iwekeni ndani.

5. Pigeni picha siku ya kwanza, kwa mwanga wa asubuhi, kabla watu hawajaingia, kwa sababu kazi ikishashushwa hizo picha ndizo zitakazowaombea nafasi nyingine.

6. Kwenye bajeti andikeni usafiri, fundi, walinzi, kushusha, na ujira wenu wenyewe. Mnauacha huo wa mwisho kila mara, na unanikera. Michoro ya maandalizi nayo msiitupe. Christo na Jeanne-Claude, wasanii mume na mke, walipata wazo la kulifunika kwa kitambaa jengo la bunge la Berlin mwaka 1971, wakalifunika mwaka 1995, likakaa limefunikwa siku 14. Hawakuchukua wafadhili, waliuza michoro ile ile ya kupanga kazi. Ninyi mnafungia chapati yenu.

7. Kushusha ni sehemu ya kazi. Jumapili mnashusha ile fremu, nami nitakuwepo kuanzia saa nane. Njooni na glavu, na vipande vya chuma vyenye ncha vifungwe gunia kabla ya kupakiwa. Aliyeazima ngazi ya kanisa airudishe Jumamosi jioni, kwa maana asubuhi wataihitaji kufunga mapambo, na aitazame vizuri miguu yake: niliona mmoja umepinda tangu Ijumaa.