Wifi, mama yako ana nini cha kumrudisha nyumbani?

Wifi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kituo cha basi alfajiri natoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu mpaka mzee mmoja akahama benchi. Eti mdogo wako aliyeko Manchester aandike barua ya mwaliko, wazee wenu wawekewe milioni kumi benki, viza itoke, waje kumwona mjukuu. Ukamalizia kwamba sisi wa Uingereza tunabana tu, maana fulani wa Ujiji kamleta mama yake bila jasho.

Aliyekufundisha hayo namjua, ni yule kijana wa steshenari pale Mwanga, Kigoma. Usimpe hata mia. Akikupa taarifa ya benki ya kubuni ikagundulika, mzee anaweza kufungiwa kuingia Uingereza miaka 10, na kijana yupo palepale anatoa fotokopi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata kaka yangu, mumeo, halijui lote.

Februari 2024 nilimwombea mama viza. Ada wakati ule ilikuwa pauni 115, zaidi ya laki tatu na nusu za kwetu, na ukikataliwa hairudi. (Tangu hapo imepanda.) Nikamwekea mama milioni sita kwenye akaunti ambayo siku zote haivuki laki mbili. Halafu nikakaa kuandika barua, na niliiandika kwa ufundi, wifi: mama yangu ni mjane, hana kazi, hana kipato, mimi ndiye ninayemlisha na kumvisha. Nilitaka mzungu amwonee huruma.

Mama akasafiri hadi Dar, zaidi ya kilometa 1,200, kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mashine ikavikataa vidole vyake. Binti wa dirishani akavifuta kwa kitambaa chenye maji, akavikandamiza kimoja kimoja kwenye kioo, na kidole gumba kikasoma mara ya tano. Miaka arobaini ya kuanika dagaa na kukamua mawese imeila ile mistari yote.

Wiki tatu baadaye wakakataa. Walisema hela iliyoingia ghafla haijulikani imetoka wapi, na hawaoni kitu cha kumrudisha kwao ziara ikiisha, maana hana kazi wala kipato. Walikuwa wananisomea barua yangu mwenyewe! Rufaa hakuna; ndugu wanaokuja kutembelea waliondolewa haki hiyo mwaka 2013. Unaomba upya, unalipa upya, na fomu inakuuliza kama umewahi kukataliwa.

Mdogo wangu akamtafsiria mama ile karatasi neno kwa neno, kwa ujinga wake. Mama akanipigia.

"Kumbe uliwaambia wazungu mimi sina kazi?"

Nikaanza kujieleza, sijui utaratibu, sijui nini.

"Na dagaa zilizokusomesha alikuwa anauza nani?"

Akakata. Wiki nzima hakupokea simu yangu.

Alipolainika tukaanza kukusanya upya, na hapo ndipo nilipoaibika hasa. Ekari mbili za michikichi nilikuwa nazijua. Kichanja cha kuanikia dagaa kule Kibirizi nilidhani kilikufa na baba. Kumbe kinafanya kazi na kimeajiri vijana wawili. Kisha likaja daftari la kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mama ndiye mweka hazina, mwaka wa tisa huo, na mimi sikuwahi hata kuuliza. Laki ninayotuma kila mwezi, ninayoihesabu kama ndiyo inayowasha jiko, ananunulia hisa. Nimeosha wazee wa watu usiku kucha nikijiambia bila mimi mama atalala njaa. Ile iliniuma kuliko viza.

Oktoba tukaomba tena. Miamala ya simu ya miezi sita ilikuwa na pengo katikati, kwa sababu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Nikaeleza hilo kwenye barua, maana afisa asiyelijua ziwa letu ataona mwanamke asiye na biashara. Barua ya mtaa na daftari ni za Kiswahili, kwa hiyo zikatafsiriwa Kiingereza, mtafsiri akaweka jina, saini na tarehe. Tiketi nikalipa mimi na nikasema wazi, nikaambatanisha hati zangu za mshahara. Hilo linaruhusiwa. Shida ni hela inayolala benki siku kumi ikijifanya ya mama.

Kwa hiyo kwa wazee wako, msikimbilie. Mzee ana presha, kumpeleka Dar kwa ajili ya vidole si mchezo, na mkikosea mnamrudisha tena. Lakini wifi, msingoje na ninyi mpaka mwaka ujao, watu wazima hawana mwakani. Bima ya safari wakate; mgeni akilazwa huku hutozwa asilimia 150 ya gharama. Na kama mpango wa mdogo wako ni mama aje kulea mtoto yeye na mkewe wakiwa kazini, aseme tangu sasa, nimwambie mwenyewe aache mama wa watu akae kwake.

Wangu alikuja, akakaa wiki tano. Baridi ya Desemba aliidharau, mjukuu alimbeba mgongoni kwa kitenge ndani ya nyumba. Wiki ya pili akaanza kuuliza mwezi wa huko umefikia wapi, kwa sababu giza la mwezi likiingia boti zinatoka kuvua, na kichanja kamwachia jirani asiyejua kugeuza dagaa.

Leo jioni nenda kwa mama yako. Viza usiitaje kwanza. Mwombe daftari la kikoba, piga picha kila ukurasa, hata ule uliomwagikiwa mawese, unitumie. Niko zamu tena, nitazisoma saa nane wazee ninaowahudumia wakishalala.