Jibu: Kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta ya mezani, fungua boksi kabla hujafungua pochi

Waaleykum salaam maalim.

Nimesoma swali lako na majibu yaliyotangulia. Una Dell OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba, hapo Chake, Pemba. Diski yake ya GB 500 imejaa video za madrasa na maulidi mpaka Windows inalalamika, na unataka kuagiza diski ya TB 4 kutoka Dar uitie ndani iwe ghala. Umeuliza ununue ipi, na wenzangu wamekutajia majina tele. Hakuna aliyekuuliza ndani ya hilo boksi mna nini, na kwa mashine yako hilo ndilo linaloamua.

Mie kazi yangu ni video za harusi, hapa Unguja. Mashine za studio nazifungua na kuzifunga mwenyewe, na za majirani huletwa pia. Kuchomeka diski ya pili ni kazi ndogo, chai haijapoa umeshamaliza. Watu hukwama kwa sababu wamenunua diski kwanza, halafu ndiyo wakaja kuangalia itakaa wapi na itakula umeme wa wapi.

Kwa hiyo usiagize chochote leo. Zima mashine, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia uhesabu mpaka kumi ili umeme uliobaki ndani utoke, kisha fungua ubavu. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa kingine. Unatafuta nafasi ya diski, tundu la data na kichwa cha umeme.

Tundu la data ndilo rahisi. Kwenye mazabodi, ile saketi kubwa inayobeba vyote, utaona vitundu vidogo vyenye umbo la herufi L, vimechapwa SATA0, SATA1 na kuendelea; SATA ndiyo aina ya kiungio cha diski. Kimoja kina waya unaokwenda kwenye diski yako, cha pili mara nyingi kinakwenda kwenye DVD. Ukikuta cha tatu kiko wazi, alhamdulillah. Usipokikuta, DVD itapisha, na sidhani kama utaililia. Kama mashine yako ni ya miaka ya karibuni na ina ile SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ndogo ya M.2, inayochomekwa kwenye mazabodi yenyewe, jihadhari: kwenye mazabodi nyingine ukitia M.2 ya aina ya SATA, tundu moja la kawaida linazimika lenyewe, ukadhani limekufa.

Umeme ndio wenye mambo. Fuata kwa kidole waya zinazotoka kwenye pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Kwenye boksi kubwa la kuunganisha mwenyewe utakuta vichwa vya SATA vinaning'inia bila kazi, vile vipana vya meno kumi na tano. Kwenye hizi nyembamba za maofisini, Dell na HP zote, unaweza kufuata waya ukaishia kwenye mazabodi tu. Umeme wa diski unashuka kwanza kwenye mazabodi, halafu unatoka kwa kitundu kidogo chenye waya mfupi wa vichwa viwili, kimoja cha diski na kimoja cha DVD. Waya huo una toleo lake kulingana na mashine. Usichukue wa mashine nyingine kwa kuwa umeingia, kwani kuingia si kulingana. Meno yake yanaweza kuwa yamepangwa vingine, ukaunguza diski na mazabodi kwa mpigo.

Kichwa kikiwa kimoja tu, kuna waya wa kugawa unaotoa viwili. Unafaa, kwa sharti uutazame kwa karibu. Chagua ule ambao kila waya unaingia kwenye kichwa peke yake na unauona umebanwa. Ule ambao kichwa chake ni plastiki iliyomiminwa ukawa donge moja uache dukani, khasa ule unaobadilisha kutoka kichwa cha kizamani cha Molex. Ndani ya donge waya zinaweza kusogeleana zikagusana, na huwa inaanza harufu, kisha moshi. Kuhusu nguvu usihofu. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta kama ampea 2 kwenye volti 12, ikishatulia inakula wati chache tu. Pawa saplai ya wati 240 inaibeba.

Sasa nafasi. Boksi lako jembamba nakisia lina kitanda kimoja cha diski ya inchi 3.5, na kimeshakaliwa. Ningekuwa mimi, hapa ndipo ningebadilisha mpango mzima: ningenunua SSD ndogo ya GB 240 au 500 iwe ya Windows, na kile kitanda kikubwa ningekiachia diski ya ghala. SSD haizunguki na haitetemeki, uzito wake ni kama hakuna, na inataka volti 5 pekee. Unaweza kuigandisha pembeni kwa gundi ya utepe wa pande mbili isilalamike. Tena mashine itawaka upesi mpaka utadhani umenunua nyingine. Diski yako ya zamani ya GB 500 usiitupe, itakuja kupata kazi huko chini.

Mmoja hapo juu kakushauri utoe DVD uweke fremu ya diski mahali pake. Si uongo, mie ninayo mashine niliyoifanya hivyo. Lakini kichwa cha umeme cha DVD nyembamba ni kidogo, cha meno sita, na kinatoa volti 5 tu. Diski kubwa ya inchi 3.5 inataka na volti 12, kwa hiyo hapo haiwaki. Itakaa diski ya laptopu, inchi 2.5, nayo ikizidi TB 2 huwa nene milimita 15 na fremu haiimezi. Kwa TB 4 yako njia hiyo imefungwa.

Kuna na hili la kununua eksteno, yaani diski ya nje ya USB, na kuibomoa utoe diski ya ndani, kwa kuwa wakati mwingine huwa rahisi kwa bei. Zile ndogo za mfukoni nyingi hazina kichwa cha SATA kabisa, tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye saketi yake, utabaki na kipande cha chuma. Zile kubwa zenye adapta ya umeme huwa na diski ya kawaida, lakini baadhi hazizunguki ukizipa umeme wa pawa saplai inayotoa volti 3.3 kwenye jino la tatu. Watu huliziba hilo jino kwa kipande cha utepe usiopitisha umeme na diski ikaamka. Si mchezo ninaoupendekeza kwa mtu anayefungua boksi mara ya kwanza.

Ukishajua boksi linapokea nini, ndiyo uulize diski ipi. Jina la kampuni halinishughulishi sana. Nashughulika na umri. Madukani kuna diski zilizotoka kwenye rikoda za kamera za ulinzi, zimefutwa, zimepigwa kitambaa, zinauzwa kama mpya. Jirani yangu mmoja aliletewa ya hivyo, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha uliobanwa vizuri. Niliichomeka, nikafungua programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo, na pale panapoandikwa Power On Hours pakasoma zaidi ya saa elfu thelathini. Mwaka una saa 8,760. Hesabu mwenyewe hiyo diski imekesha miaka mingapi. Chini ya orodha hiyohiyo tazama mistari ya 05, C5 na C6, yaani sehemu zilizokufa zikahamishwa na zile zinazosubiri kufa. Kwenye diski ya kuweka kumbukumbu za watu nataka zote zisome sifuri. Na usiamini saa peke yake: mwaka 2025 huko Ujerumani zilifichuliwa diski za vituo vya data zilizotumika, zikarudishwa saa zake kwenye sifuri na kuuzwa kama mpya. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, kisha kagua tundu zake za skrubu. Diski isiyowahi kufungwa haina mikwaruzo pale.

Mpya za kamera, zile zinazoandikwa kuwa ni za ulinzi, unaweza kuzitumia kama ghala bila wasiwasi. Kwa upande mwingine kuna diski za bei ndogo zinazoandika data kwa mistari iliyolaliana, SMR. Kwa kusoma hazina neno, ila ukizimiminia video za usiku mzima wa harusi zinaanza kasi halafu zinazama. Kwako unayeweka na kuangalia, inavumilika. Kwangu mie, hapana.

Ikitoka Kariakoo, mwambie mtu wako aibebe mkononi kwenye boti. Mizigo inavyorushwa pale gatini unaijua.

Kuifunga: skrubu za diski ya inchi 3.5 ni nene kuliko za SSD, usizichanganye, na usitumie ndefu kuliko zilizokuja. Dell nyingi zina kitanda cha plastiki ambacho diski inabofyea bila hata bisbisi. Sukuma vichwa mpaka viingie kabisa, kichwa cha data kikilegea kitakusumbua kwa mwezi. Na hapa kuna jambo la kwetu visiwani. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya shaba, khasa mashine ikikaa chini karibu na dirisha wakati wa masika. Nililetewa diski iliyohukumiwa kifo na fundi, faili zinakwama katikati ya kukopi. Kwenye CrystalDiskInfo mistari ya 05 na C5 misafi, ila C7 unapanda kila ukikopi. C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi. Waya wake wa data ulikuwa umefanya ukungu wa kijani kwenye meno. Nikatia waya mwingine, na mpaka leo diski ile inafanya kazi. Kabla hujazika diski, badilisha waya.

Washa. Kama haionekani, ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mashine inayotangulia Windows (Dell ni F2 wakati inawaka), utazame kama lile tundu la SATA limewashwa, kwani mashine za maofisini huja na matundu yasiyotumika yamezimwa. Hakikisha pia diski ya Windows bado ni ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia. Kisha ndani ya Windows bonyeza kitufe cha kulia kwenye alama ya Start, chagua Disk Management. Diski mpya haionekani kwenye This PC mpaka uiandae, na hapo ndipo wengi hudhani wameuziwa mbovu. Itakuuliza MBR au GPT, ambazo ni njia mbili za kupanga diski. Chagua GPT. Ukichagua MBR utapata GB 2,048 tu na iliyobaki itakaa pale haiguswi. Kuna anayesema mashine ya zamani haikubali GPT: hiyo ni kwa diski ya kuwashia Windows, si kwa ghala. Halafu New Simple Volume, NTFS, herufi upendayo. TB 4 itasoma kama 3.63, hujaibiwa, dukani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Folda ya Videos unaweza kuihamisha yote: Properties, Location, Move, uielekeze kwenye folda uliyoitengeneza kwenye diski mpya. Usiielekeze kwenye diski tupu bila folda, kuirudisha ni tabu.

Umesema ukishahamisha utakuwa na amani. Hapo sikubaliani na wewe, maalim. Ukikata hapa ukabandika kule, nakala ni ileile moja, imehama nyumba tu. Sisi tuliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 bila umeme wa gridi tulizoea kiza, na kiza chenyewe hakiui diski. Kinachoiua ni umeme kukatika katikati ya kuandika na kurudi kwa kishindo. Nyinyi wa Pemba waya wenu wa umeme unatoka Tanga, wetu unatoka Dar kupitia Fumba, lakini kishindo ni kimoja. Tafuta UPS, yaani betri ya akiba, hata ndogo, ya kukupa nafasi ya kuzima kwa utulivu. Na ile diski ya GB 500 uliyoitoa, itie kwenye kasha la USB lenye adapta yake, uweke humo nakala ya zile video ambazo hazirudiwi: sauti za walimu waliokwishafariki, khitma, mambo kama hayo. Ikae nyumba nyingine, si juu ya meza hiyohiyo.

La mwisho, maana utalifanya tu siku moja: ukitaka kupiga Windows upya, chomoa kwanza waya wa data wa diski ya ghala. Kisakinishi cha Windows kina tabia ya kuweka faili za kuwashia kwenye diski nyingine kikiikuta, na siku utakayoitoa hiyo diski mashine haiwaki. Na pia hutakosea ukafomati isiyo yenyewe.

Tupia picha ya ndani ya boksi, ule upande wa waya za umeme uonekane vizuri, pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko. Nitakwambia waya gani uagize.