Maswali Yenu: Wimbo wa Eurovision Ukirudi Nyumbani

Swali: Kwenye Eurovision (shindano la nyimbo kati ya nchi, hasa za Ulaya) ya 2023 kule Liverpool, Mae Muller wa Uingereza alikuwa wa 25 kati ya 26, na pointi 24 tu. Baada ya hapo wimbo wake ukafika namba 9 kwenye chati ya Uingereza. Wimbo uliokataliwa unapendwaje?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Waliomnyima pointi na waliomsikiliza si watu wale wale. Nchi hairuhusiwi kujipigia kura Eurovision, kwa hiyo pointi zote 24 zilitoka nje. Mwingereza anayeupenda wimbo wa kwao hubaki kuununua au kuusikiliza, na hayo ndiyo chati inayoyahesabu.

Ndiyo maana nafasi ya Eurovision na ya chati hazifuatani. Tazama wawakilishi wengine wa Uingereza. Cliff Richard alishindwa na Hispania kwa pointi moja mwaka 1968, akawa namba 1 nyumbani. Gina G alikuwa wa 8 Oslo mwaka 1996, lakini wimbo wake ukashika namba 1 Uingereza na namba 12 Marekani. Mwaka uliofuata Katrina and the Waves walitwaa ushindi wenyewe kwa pointi 227, na nyumbani wakaishia namba 3. Kichekesho zaidi ni hiki: Imaani, wa pili mwaka 1998, alifika namba 15. Jemini, waliorudi kutoka Riga mwaka 2003 na sifuri kavu, nao walifika namba 15.

Swali: Nikiusikiliza wimbo mara mia kwenye simu, chati inanihesabia nini?
*Msomaji, Leicester*

Jibu: Inategemea kama unalipia. Kwa kanuni zilizoanza Julai 2018, kusikilizwa mara 100 na wanaolipia ni sawa na kuuzwa nakala 1. Kwa wa bure, ni mara 600. Anayeupakua kwa kuununua, au kununua sidii, ameongeza nakala nzima kwa mkupuo. Chukua wimbo uliosikilizwa mara 300,000 na wanaolipia na mara 300,000 bure: kundi la kwanza linaleta nakala 3,000, la pili 500. Kuutazama kwenye televisheni hakuongezi kitu, na msikilizaji aliye Mombasa haingii kwenye hesabu ya Uingereza.

Swali: Mbona nyimbo hizi siku hizi hazidumu, na nyingine hata 40 bora haziingii?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Kwanza, kalenda. Wiki ya chati huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Fainali huanza Jumamosi saa 2 usiku kwa saa za London (kwetu saa 4) na kumalizika karibu na usiku wa manane. Anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza usiku huo ana siku tano tu kamili za kuusukuma, Jumapili hadi Alhamisi, wakati wimbo mpya uliotoka Ijumaa una saba. Kabla ya Julai 2015 wiki ilianza Jumapili, na moto wote wa fainali uliingia siku ya kwanza.

Pili, wimbo huwa umetoka wiki nyingi kabla ya fainali ya Mei. Mashabiki wameshauzoea, na fainali ikiwa mbaya hakuna cha kuufufua. Olly Alexander wa Uingereza mwaka 2024 alikuwa wa 18 na pointi 46, zote za majaji, watazamaji hawakumpa hata moja. Chati ikamweka namba 42.

Hata fainali nzuri ina kikomo. Sam Ryder, naye wa Uingereza, alikuwa wa pili Turin mwaka 2022 kwa pointi 466, akafika namba 2 na kumkuta Harry Styles amekaa namba 1, habanduki.

Swali: Wimbo ukishazama, ndiyo basi?
*Msomaji, Kigoma*

Jibu: Si lazima. Duncan Laurence wa Uholanzi alishinda mwaka 2019, lakini Marekani wimbo wake uliingia 100 bora mwaka 2021, baada ya TikTok kuuchukua, ukafika namba 30. Rosa Linn wa Armenia alikuwa wa 20 tu mwaka 2022. Miezi michache baadaye naye alikuwa kwenye 100 bora hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo.