Mbona midomo haiendani na sauti
Mkuu uliyeuliza mbona kwenye Django, ile filamu ya kauboi ya Kitaliano ya 1966, mdomo wa mwigizaji Franco Nero unaenda huku sauti inaenda kule, wala sio kopi yako mbovu. Waitaliano enzi zile walikuwa hawahangaiki na sauti ya pale wanaposhuti, ikirekodiwa ni ya kuwaongoza tu, kwa hiyo kwenye hizi filamu za kauboi unakuta Mtaliano anaongea Kitaliano, Mhispania Kihispania, Mmarekani Kiingereza, na kila mmoja anasubiri mwenzake afunge mdomo ndo aanze yeye. Sauti zinaingizwa baadae studio, hadi vishindo vya buti na milio ya bastola. Na mara nyingi sio hata sauti ya mwigizaji mwenyewe, huyo Nero kwa Kitaliano aliingiziwa sauti na mwigizaji mwingine, Nando Gazzolo! Mmarekani Clint Eastwood kwenye zile filamu tatu za kauboi za mwongozaji Sergio Leone, kwa Kitaliano sauti ni ya Enrico Maria Salerno, ila ya Kiingereza kaingiza mwenyewe, ndo maana pale midomo inakaa vizuri afu anayemjibu anaonekana kama anatafuna. Mi za Eastwood naangalia za Kiingereza, za Nero Kitaliano na sabtaito.