Maswali na Majibu: Mwili Unaweza, Akili Haitaki

Wasomaji wa Arusha na Moshi walioniandikia safari hii hawaulizi mazoezi gani ni bora, kwa kuwa wengi wanayafahamu na raba wanazo. Wanauliza namna ya kuipata nia, na nitawajibu kwa upande huo tu.

Swali: Ninafanya kazi ya ofisini na ninaishi Njiro. Kila usiku ninaazimia kuamka saa kumi na moja nikakimbie, na kila alfajiri ninazima kengele ya simu na kulala tena. Je, huu ni uvivu?

Jibu: Mimi siuiti uvivu. Azimio lako linatolewa usiku na mtu aliyeshiba na asiyesikia baridi, kisha linaachiwa mtu aliyetoka usingizini, katika mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai blanketi lina nguvu kuliko hoja yoyote ya afya. Kinachokuangusha ni kuuacha uamuzi ufanyike saa hiyo. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alieleza katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba anayepanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayebaki na azma ya jumla. Kwa hiyo usiseme kwamba kesho utajitahidi. Sema: "Nikikanyaga sakafu, ninavaa raba kabla ya kushika simu; nikifungua geti, ninaelekea juu mpaka dukani, kisha ninageuka." Nguo ziwe kitini tangu usiku, soksi ndani ya raba na ufunguo wa geti juu yake, maana wako watu wanaorudi kitandani kwa sababu ya soksi moja iliyopotea gizani.

Ahadi yenyewe iwe ya dakika kumi, na zikiisha uwe na ruhusa halali ya kurudi nyumbani. Mara nyingi hutaitumia, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa kutoka nje, lakini siku utakayoitumia usijilaumu, kwani sharti uliliweka mwenyewe na umelitimiza. Na kama barabara yenu haina taa, subiri kupambazuke. Hakuna mbinu ya akili inayozidi usalama.

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, Majengo, Moshi. Daktari ameniagiza nitembee kila siku, lakini kutembea bila kwenda popote ninaona ni kupoteza muda, na majirani wananiuliza ninakwenda wapi.

Jibu: Pole mama, na swali la majirani ninalielewa. Basi uwe na pa kwenda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na dakika hizo hazibagui: ukienda soko la Mbuyuni kwa miguu kwa mwendo wa haraka kidogo, kisha ukarudi na bodaboda kwa sababu ya mzigo, ule mwendo wa kwenda umehesabika.

Kwa siku zisizo na soko, chukua kitu unachokipenda mno, kwa mfano mchezo wa redio au mahubiri uliyohifadhi kwenye simu, na ujiwekee mwiko wa kutokisikiliza ila ukiwa unatembea. Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio la namna hiyo, ambapo watu waliopewa hadithi za kusikiliza ambazo zilibaki kwenye ukumbi wa mazoezi walikwenda huko mara nyingi zaidi, ingawa faida ilififia baada ya likizo kuwakatiza. Mwiko huo, kwa hiyo, huhitaji kuanzishwa upya kila baada ya sikukuu. Sikio moja libaki wazi kwa ajili ya bodaboda hao hao.

Swali: Nimebandika ukutani picha ya mtu mwenye mwili ninaoutaka, na ninaitazama kila siku. Mbona hainisukumi? (Kijana, Sakina)

Jibu: Kwa sababu inakuburudisha. Utafiti wa mwanasaikolojia Gabriele Oettingen umeonyesha kwamba kujiona katika mawazo umekwisha kufika kunaweza kupunguza nguvu ya kuanza safari. Yeye hushauri kuwaza unachokitaka na papo hapo kukiwekea mbele kikwazo chako halisi. Kando ya picha hiyo andika kinachokuzuia, uchovu wa kazi au marafiki wa jioni, na utakachofanya kikitokea.

Swali: Nilifanya mazoezi vizuri kwa wiki kadhaa, kisha tukawa na msiba Rombo. Niliporudi sikuendelea tena. Nisubiri Januari?

Jibu: Usisubiri, na pole kwa msiba. Ni kweli kwamba tarehe yenye sura ya mwanzo mpya humpa mtu msukumo, lakini Jumatatu nayo ni mwanzo mpya, na huja kila wiki. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London uliochapishwa mwaka 2010, tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Wiki nzima ni pengo kubwa zaidi, kwa hiyo anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya.

Swali: Nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Pumzi ninayo, lakini nikiona mlima wa kuelekea Mweka akili inaniambia nitembee. Nifanyeje?

Jibu: Kwanza chunguza unavyoanza. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na nadhani tangu hapo kila Mtanzania akisikia bastola ya mbio anajiona yeye ndiye Bayi. Ukitoka kwa kasi hiyo Moshi mjini, akili inayokuambia utembee kule juu itakuwa inasema kweli.

Ukiwa umeanza taratibu, mlima uugawe. Usiutazame Mweka, tazama nguzo ya umeme iliyo mbele yako, ifikie, kisha chagua nyingine. Hoja ya kuacha ikija, usibishane nayo, iambie tu kwamba utaamua kwenye nguzo. Jambo la pili umelijua tangu shule ya msingi: mchakamchaka. Wimbo ule wa kuitikiana hulazimisha miguu na pumzi kufuata mdundo mmoja, na akili inayosubiri zamu ya kuitikia haina nafasi kubwa ya kulalamika. Imba kimoyomoyo, kwa mdundo wa polepole unaolingana na mlima. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti linalochoma si mambo ya kudanganya akili. Hapo simama na uombe msaada.

Swali: Kikundi chetu cha mazoezi ya Jumamosi, Kijenge, kinataka asiyefika alipe faini ya shilingi 2,000. Itasaidia?

Jibu: Nina shaka. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio la vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, ambako wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini. Waliochelewa wakaongezeka, na hata faini ilipofutwa hawakupungua, kwa kuwa kilichokuwa aibu kiligeuka huduma ya kulipia. Mwanakikundi mwenye shilingi 2,000 atanunua usingizi wake na dhamiri yake itatulia. Mimi ningewapanga wawili wawili kwa ukaribu wa nyumba, kila mmoja ampitie mwenzake getini saa kumi na mbili na nusu, na zamu ya kupitia ibadilike kila wiki. Fedha za kikundi zibaki za chai baada ya mazoezi, kwa waliofika.